Vigoda Saba vya London

Kwa miaka 17 wakuu wa jiji la London walimsubiri mjane mmoja. Mumewe, Sir Thomas Gresham, alifariki Novemba 1579 akaacha wosia wa aina yake: jumba lake kubwa la Bishopsgate liwe makazi ya maprofesa saba, na maprofesa hao wamfundishe yeyote atakayeingia, bila kumdai hata peni moja. Sharti lilikuwa kwamba maadamu mkewe, Lady Anne, yu hai, jumba na mapato yake yabaki mikononi mwake. Lady Anne aliishi hadi mwishoni mwa 1596. Mwaka uliofuata maprofesa wakahamia na mihadhara ikaanza.

Zaidi ya miaka 400 imepita na mihadhara hiyo bado inatolewa, bado ni ya bure. Katika muda huo kumbi zake zimepata kujaa mabaharia na mafundi, zimepata kubaki tupu mpaka profesa akakosa wa kumhutubia, kisha zikajaa tena. Fedha za kuwalipa walimu zilikuwapo katika vipindi vyote hivyo. Kwa hiyo anayetaka kujua ni nini hasa kinachowavuta wananchi kumsikiliza profesa, na ni nini kinachowafukuza, historia ya Chuo cha Gresham itamfaa kuliko nyingi nyingine.

Gresham mwenyewe hakuwa mwanachuoni. Alisoma kwa muda Cambridge, lakini maisha yake yalikuwa ya biashara: baba yake alipata kuwa Meya wa London, naye alifunzwa kazi na ami yake kabla ya kupokelewa katika Mercers' Company, chama cha wafanyabiashara wa vitambaa. Kwa miaka mingi alikuwa wakala wa wafalme na malkia wa Uingereza huko Antwerp, akiwakopea fedha na kusimamia madeni yao. Huko aliona kitu ambacho London haikuwa nacho, yaani soko lenye paa na ua ambamo wafanyabiashara wa mataifa yote walikutana kupatana bei. Wenzao wa London walikuwa wakikutania barabarani, mvua ikinyesha wanalowa. Gresham akaamua kulijenga soko la namna hiyo. Jiji lilitoa kiwanja, yeye akagharimia ujenzi, na Januari 1571 Malkia Elizabeth I alilitembelea na kulipa jina la Royal Exchange. Juu ya jengo aliweka sanamu ya panzi, nembo ya ukoo wake, na ghorofani alipangisha maduka.

Kodi ya maduka hayo ndiyo iliyozaa chuo. Mwanawe wa pekee wa kiume alikuwa amefariki mwaka 1564, na mali ilikuwa nyingi. Katika wosia wake wa 1575 aliacha Royal Exchange mikononi mwa serikali ya jiji na Mercers' Company kwa ubia, ili kodi ya pango ilipe maprofesa. Msomaji wa pwani ataitambua mara moja sura ya jambo hili: ni wakfu. Jiji lilikabidhiwa kuchagua maprofesa wanne, wa theolojia, falaki, muziki na jiometri. Chama kikachagua watatu, wa sheria, utabibu na balagha. Kila mmoja alilipwa pauni 50 kwa mwaka. Maprofesa walioteuliwa na mfalme huko Oxford na Cambridge walikuwa wakilipwa 40.

Masharti mengine hayakuwa mepesi. Profesa alitakiwa aishi jumbani, na asiwe na mke. Profesa wa kwanza wa muziki, John Bull, mpiga kinanda hodari wa malkia, alipofika kuchukua vyumba vyake alimkuta mtoto wa kambo wa Gresham bado amevikalia. Bull akakodi fundi mwashi amvunjie ukuta ili aingie. Mashtaka yakafuata. Miaka kumi baadaye, 1607, ilimbidi ajiuzulu kwa sababu alikuwa akioa.

Kiini cha mpango huo, hata hivyo, kilikuwa watu wenyewe. Uingereza ya wakati huo ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu, vyote nje ya London, na vyote vikifundisha kwa Kilatini. Jiji lenyewe, lenye bandari, karakana za meli, wafua vyuma, wauza dawa na makarani, halikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Basi wasimamizi walipoketi kutunga kanuni za mihadhara walikumbana na suala la lugha. Wakakata shauri kila mhadhara utolewe mara mbili: asubuhi kwa Kilatini, kwa ajili ya wageni na wasomi, mchana kwa Kiingereza, kwa sababu wengi wa wasikilizaji wangekuwa wenyeji wa jiji wasiojua Kilatini, au wanaokijua kidogo tu. Bull peke yake aliruhusiwa kutumia Kiingereza pekee, kwa kuwa Kilatini hakukiweza, na malkia mwenyewe alimwombea. Nusu ya kipindi chake alieleza nadharia, nusu ya pili akapiga na kuimba.

Kanuni ziligusa hata yatakayofundishwa. Profesa wa falaki aliagizwa asiishie kwenye mizunguko ya sayari. Alitakiwa afundishe matumizi ya tufe, ya astrolabu na vyombo vingine vya kawaida, kwa kiwango ambacho baharia angeelewa, na afundishe uongozaji wa meli. Agizo hilo halikuja bure. Waingereza walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuivuka Bahari ya Hindi, bahari ambayo manahodha wa majahazi wetu walikuwa wakiivuka kwa kusoma nyota na pepo za msimu tangu karne nyingi. Meli ya James Lancaster, Edward Bonaventure, ilitia nanga Unguja mwishoni mwa 1591. Miaka tisa baadaye wafanyabiashara wa London walipewa hati ya kuunda Kampuni ya India ya Mashariki. Wenye mitaji walihitaji manahodha wanaojua kupiga hesabu, na manahodha walihitaji mwalimu.

Mwalimu huyo alikuwa Henry Briggs, profesa wa kwanza wa jiometri. Briggs alikuwa na marafiki bandarini na katika karakana za meli, akawatungia majedwali ya kuwasaidia safarini. Shida yao aliijua vizuri. Ili nahodha ajue meli iko wapi, ilimbidi azidishe na kugawanya namba ndefu za pembe na masafa, tena usiku, chombo kikiyumba, taa ikikaribia kuzima. Kosa la tarakimu moja lingeweza kuipeleka meli mwambani.

Mwaka 1614 bwana mmoja wa Scotland, John Napier, alitoa kitabu cha Kilatini kueleza uvumbuzi aliouita logarithimu. Kwa uvumbuzi huo kila namba hupewa namba mwenza katika jedwali, na anayetaka kuzidisha namba mbili hujumlisha wenza wao tu, kisha akatafuta jibu katika jedwali lilelile. Kuzidisha kukageuka kujumlisha, kugawanya kukawa kutoa. Briggs alipokisoma alishikwa na furaha, akaanza mara moja kukifundisha Gresham. Na hapo ndipo lilipotokea jambo kubwa. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba alipokuwa akiyaeleza mambo hayo hadharani mbele ya wasikilizaji wake wa London, aliona kwamba majedwali ya Napier yangekuwa mepesi zaidi kama yangepangwa upya kwa kufuata kumi, msingi uleule ambao watu wote huhesabia.

Majira ya kiangazi ya 1615 alifunga safari ndefu ya kwenda Edinburgh kumwona Napier. Inasimuliwa kwamba walipokutana walitazamana karibu robo saa, kila mmoja akimstaajabia mwenzake, bila yeyote kusema neno. Napier akamwambia kuwa naye amekwisha kulifikiria badiliko hilo, ila afya haimruhusu kulitekeleza. Briggs akaubeba mzigo. Mwaka 1617 alitoa logarithimu za namba 1 hadi 1,000, kila moja kwa tarakimu 14 baada ya nukta. Mwaka 1624, akiwa amekwisha kuhamia Oxford, akatoa kitabu chenye logarithimu za namba 30,000. Alizikokotoa kwa kalamu ya unyoya.

Aliyesoma sekondari kabla ya vikokotoo kuenea aliishika kazi ya Briggs kwa mikono yake. Kitabu cha majedwali alichokwenda nacho katika chumba cha mtihani kilimwambia kwamba logarithimu ya 2 ni 0.3010 na ya 3 ni 0.4771. Akizijumlisha alipata 0.7781, na jedwali likamwambia kwamba hiyo ni 6, kwa tofauti ndogo tu ya tarakimu ya mwisho. Hayo ndiyo majedwali ya kufuata kumi ambayo wazo lake lilimjia Briggs akiwa mbele ya wasikilizaji wake wa Gresham.

Kitabu cha Napier nacho hakikuachwa katika Kilatini. Edward Wright, bingwa wa elimu ya uongozaji meli, alikitafsiri kwa Kiingereza, na kilipotoka 1616, Wright akiwa amekwisha kufa, kilitunukiwa Kampuni ya India ya Mashariki na Briggs alikiandikia utangulizi.

Aliyemfuata Briggs katika moyo huo ni Edmund Gunter, profesa wa falaki kuanzia 1619. Gunter aliona kwamba hata jedwali ni zito kwa mtu wa kazi. Akazichora logarithimu juu ya rula ya mbao. Baharia alichukua bikari, akapima urefu mmoja, akauhamishia juu ya mwingine, akasoma jibu bila kuandika tarakimu hata moja. Kwa zaidi ya karne mbili mabaharia waliichukua rula hiyo melini, wakaiita kwa jina la mtu huyo.

Wapima ardhi nao aliwatengenezea chombo chao, mnyororo wa futi 66 wenye pete 100. Hesabu yake ilikuwa ya werevu. Mraba wenye upande wa mnyororo mmoja ni sehemu ya kumi ya ekari, kwa hiyo kiwanja cha minyororo 5 kwa 4 ni miraba 20, yaani ekari 2 kamili, bila sehemu za kusumbua. Waingereza walipoeneza utawala wao walikwenda na vipimo hivyo, na ndiyo maana mkulima wa Morogoro au wa Kitale hadi leo anapotaja ekari anataja eneo la miraba kumi ya mnyororo wa Gunter, karibu mita za mraba 4,047.

Mrithi wake, Henry Gellibrand, aligundua kwamba dira ina siri. Sindano ya dira haielekei kaskazini kamili bali huchepuka kidogo, na wataalamu waliamini kwamba mahali pamoja mchepuko huo haubadiliki kamwe. Mwaka 1580 ulipimwa London ukawa zaidi ya digrii 11. Gunter alipopima 1622 alipata kama digrii 6. Gellibrand akaenda Deptford, kwenye karakana za meli za mfalme, Juni 1634, akapima pamoja na watu wa karakana, akapata kama digrii 4. Mwaka uliofuata akachapisha tangazo lililomshtua kila mwenye chombo, kwamba mchepuko wa dira hubadilika kadiri miaka inavyopita na ramani ya zamani inaweza kudanganya.

Tazama mahali walipofanyia kazi watu hawa watatu: kwenye gati, karakanani, shambani kwa mpima ardhi. Walichukua maswali kwa mafundi wakarudisha majibu kwa mafundi, na mihadhara ile ya Kiingereza ya mchana ndiyo waliyoihitaji mafundi hao.

Katikati ya karne ya 17 chuo kilianza kuwa kitu kingine. Kuanzia mwaka 1645 hivi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea nchini, kikundi cha wasomi kilikuwa kikikutana London kila wiki, mara nyingine Gresham kwenyewe, kuzungumzia majaribio ya kisayansi. Walikuwa wamekubaliana wasiguse dini wala siasa. Tarehe 28 Novemba 1660, baada ya mhadhara wa profesa wa falaki, kijana Christopher Wren aliyekuja kuwa msanifu wa Kanisa la St Paul's, watu 12 waliingia katika chumba cha profesa mwenzake na kuazimia kuunda chama cha elimu ya majaribio. Kiingilio kiliwekwa shilingi 10, na ada shilingi moja kwa wiki. Mfalme alikipa hati mwaka 1662, nacho ndicho Royal Society, ambacho baadaye kiliongozwa na Isaac Newton. Kiliendelea kukutana Gresham, ukiacha miaka michache, hadi 1710.

Kwa sayansi ya dunia hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwa mwananchi wa Bishopsgate lilikuwa na gharama yake. Akili kali za jumba hilo sasa zilikuwa na hadhira nyingine, ya waungwana wanaolipa ada na kujadiliana wao kwa wao, na mhadhara wa bure ukabaki kama deni la kazi.

Robert Hooke anaonyesha hali hiyo vizuri kuliko mwingine yeyote. Alikuwa profesa wa jiometri kuanzia 1665 hadi alipofariki 1703, akiishi jumbani humo. Mwaka huohuo wa 1665 alitoa kitabu chake cha picha za vitu vilivyotazamwa kwa hadubini, kiroboto mmoja akijaza ukurasa mzima wa kukunjua. Septemba 1666 moto ukateketeza sehemu kubwa ya London pamoja na Royal Exchange. Jumba la Gresham likasalimika, na wafanyabiashara na wakuu wa jiji wakahamia humo, huku Hooke akiwa mmoja wa wapimaji wa kuujenga mji upya. Alikuwa mtu mwenye mambo ya kusema, kama yupo mwingine. Hata hivyo shajara yake ya miaka ya 1670 inaonyesha siku alizojiandaa kutoa mhadhara asitokee msikilizaji hata mmoja.

Karne ya 18 hali ikawa mbaya zaidi. Kigoda cha Gresham, yaani nafasi ya uprofesa, kikageuka riziki ya kudumu isiyo na jasho. Profesa alilipwa kwa kodi ya maduka, aje mtu au asije, na wengi waliona heri wasije. Mwaka 1768 bunge lilipitisha sheria ya kuitoa ardhi ya jumba kwa idara ya ushuru wa bidhaa, kwa malipo ya pauni 500 kwa mwaka. Jumba alimoishi Briggs na ambamo Royal Society ilizaliwa likabomolewa, pakajengwa ofisi ya wakusanya ushuru. Maprofesa wakapewa chumba ghorofani Royal Exchange, wakaongezewa pauni 50 kwa kukosa makazi, na wakaruhusiwa kuoa.

Miaka minane baadaye Samuel Johnson, mtunga kamusi maarufu, alitoa hukumu yake katika mazungumzo na rafiki yake James Boswell. Maprofesa wa Gresham, alisema, walifanya mbinu wasipate wanafunzi. Lau wangeruhusiwa kumtoza kila msikilizaji peni sita, kila mmoja angejitahidi awe na wengi. Mwaka huohuo wa 1776 Adam Smith naye aliandika kwamba wengi wa maprofesa wa Oxford, wakilipwa na wakfu, walikuwa wameacha hata kujifanya wanafundisha. Hoja hii inasikika hadi leo penye mjadala wa huduma za bure: kisicholipiwa hakithaminiwi, si na mtoaji wala mpokeaji.

Ni hoja nzito, lakini ilijibiwa ndani ya miaka 25, tena mbali na London. George Birkbeck, daktari kijana, alikuwa akifundisha fizikia katika Chuo cha Anderson huko Glasgow, chuo kilichoanzishwa 1796 kwa wosia wa profesa mmoja wa mji huo. Alihitaji vyombo vya majaribio na mjini hapakuwa na watengenezaji maalumu, basi akawaendea mafundi wa kawaida. Siku moja, katika karakana ya fundi bati, mafundi walikizunguka chombo alichoagiza wakamuuliza: hiki kinafanya nini, na kwa nini kimeundwa hivi? Birkbeck aliduwaa. Watu hawa waliunda vyombo vya sayansi kwa mikono yao, na hakuna aliyewahi kuwaambia sayansi yenyewe.

Akatangaza mihadhara ya bure kwa mafundi, Jumamosi jioni baada ya kazi, mwaka 1800. Jioni ya kwanza walikuja watu 75. Ya pili wakaja 200, ya tatu 300, na ya nne 500. Mlango ulikuwa wa bure kama wa Gresham, mwalimu hakudai peni sita, na ukumbi ulijaa. Tofauti ilikuwa kwamba Birkbeck alianza na swali la mafundi wenyewe, katika lugha yao, saa ambayo wangeweza kuja. Mwaka 1823 alishiriki kuanzisha London taasisi ya namna hiyo, ambayo leo ni chuo kikuu kinachoitwa kwa jina lake na kinachojulikana kwa masomo ya jioni.

Gresham nayo ilizinduka, ingawa polepole. Royal Exchange iliungua tena Januari 1838, na mwaka 1843 chuo kilifunguliwa katika jengo lake chenyewe kwenye kona ya Gresham Street na Basinghall Street. Kiingereza kikashika nafasi ya Kilatini, na jioni ikashika nafasi ya asubuhi. Mwaka 1891 kigoda cha jiometri kilipewa Karl Pearson, ambaye alijua kwamba wanaomsikiliza ni makarani na watu wa kazi waliotoka maofisini. Badala ya jiometri ya zamani akawaletea elimu ya bahati na takwimu, akitumia sarafu, karata na mchezo wa kamari wa Monte Carlo. Michoro ya nguzo iitwayo histogramu, ambayo wanafunzi wetu huichora leo, jina lake lilitokana na mihadhara hiyo, na kipimo cha mtawanyiko kinachoitwa mkengeuko sanifu alikitambulisha hapohapo mwaka 1893. Kwa mara ya pili elimu mpya ilizaliwa mbele ya wananchi waliokaa bila kulipa, kama ilivyokuwa kwa Briggs.

Leo Chuo cha Gresham kina makao yake Barnard's Inn Hall, Holborn, tangu 1991. Hakitoi shahada, hakina wanafunzi wa kudumu. Vigoda saba vya awali bado vipo, na vya nyongeza vimeongezwa, kikiwamo cha biashara. Mihadhara hurekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti, kwa hiyo mtu wa Mtwara mwenye simu anaweza kuisikiliza pamoja na mkazi wa London.

Kwetu jambo hili si la kigeni. Chuo kikuu kilipoanza Dar es Salaam Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20 wa sheria, kilikuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka mmoja kabla yake Makerere ilikuwa imeanzisha Dar es Salaam kitengo cha kuwafundisha watu walio nje ya chuo, na kitengo hicho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 2008, Mlimani katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianzishwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika, Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, na mihadhara yake ikaita umma katika Ukumbi wa Nkrumah, ule uliochapwa nyuma ya noti ya zamani ya shilingi 500. Mwaka 2009 Wole Soyinka alihutubia humo.

Kumbi basi tunazo, maprofesa tunao, na mlango hauna kiingilio. Tulicho nacho pia ni Kilatini chetu. Mhadhara mwingi wa wazi katika vyuo vyetu hutolewa kwa Kiingereza, mchana wa siku ya kazi, juu ya swali ambalo profesa alilitoa katika jarida la kitaaluma. Fundi gereji wa Ubungo hajakatazwa kuingia, ila kila kitu kimepangwa kana kwamba hatakuja, naye kweli haji.

Johnson alikosea alipolaumu ubure. Briggs, Birkbeck na Pearson wote walifundisha bure na wote walipata watu. Fedha za Gresham ziliweza kukifanya kigoda kisife kwa karne nne, na hiyo si kazi ndogo. Kukijaza ukumbi kulihitaji mwalimu aliyetoka kwanza kwenda kuwauliza watu wanataka kujua nini, kisha akawajibu kwa lugha yao, saa wanapotoka kazini. Vyuo vyetu vinaweza kulifanya hilo muhula ujao bila bajeti mpya: profesa mmoja wa udongo aende Kibaigwa kuzungumza na wakulima wa mahindi kwa Kiswahili, mmoja wa sheria aende Kariakoo jioni, mmoja wa mashine aende gereji. Na wewe msomaji, ukiona tangazo la mhadhara wa wazi, nenda, kaa mbele, na uulize swali lako kwa Kiswahili.